Sarafu au Takataka? Namna ya Kuzipambanua

Mkulima alimaye shamba lake karibu na Nakuru, au kijana apitaye ufuoni mwa Ziwa Naivasha akiwa na mashine ya kutambulia madini, huenda akaokota kitu cha mviringo kilichojaa kutu. Je, ni sarafu ya kale au ni takataka? Yafaa ajue kukipambanua kabla hajakitupa au kupunjwa na mnunuzi.

Kwanza, asiiamini mashine peke yake. Aghalabu chuma hutoa sauti nzito, na fedha na shaba hutoa sauti nyembamba. Lakini vizibo vya chupa na vipete vya mikebe ya soda huihadaa. Kadhalika udongo wa volkeno wa Menengai, na chumvi ya magadi iliyo kandokando ya Ziwa Elmenteita, huweza kuifanya ilie pasipo kitu.

Pili, atumie sumaku. Msumari na kizibo hunaswa mara moja, bali sarafu za kale za Afrika ya Mashariki, za shaba au za fedha, hazinaswi. Hata hivyo shilingi moja ya Kenya ya siku hizi ni chuma kilichopakwa nikeli, nayo hunaswa. Basi sumaku nayo si hakimu wa mwisho.

Tatu, atazame sura. Ndururu ya kale ina tundu katikati, kama washa itumiwayo na mafundi. Lakini washa haina chapa, na ndururu ina pembe mbili za ndovu. Shilingi ya kale ina simba mbele ya milima. Upana wake ni milimita 28 hivi, na uzito wake gramu 7.8. Zile za kabla ya 1948 zina robo ya fedha. Zilizopigwa tangu mwaka huo ni shaba na nikeli tu.

Nne, asiisugue kwa mchanga wala majivu, kwani atafuta mwaka na maandishi, na thamani itapotea pamoja nayo.

Mwisho, asichimbe mahali pa kale. Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, ilianza kuchimbwa na Mary Leakey mwaka 1937, na miongoni mwa vitu vilivyopatikana zimetajwa sarafu za Kihindi. Si ajabu, kwa maana rupia ilitumiwa nchini hata mwaka 1920. Sarafu ikikutwa mahali pake, huwaonyesha wataalamu ni nani waliofika hapo, na lini. Ikichopolewa kwa siri, huwa kipande cha madini tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yamtaka avumbuaye kitu cha kale atoe habari.

Basi aandike mahali alipokiona, kina chake na tarehe, kisha awapelekee habari watu wa makumbusho. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.