Vijidudu Vilivyozoea Dawa

Je, vijidudu vya tumbo huweza kuishinda dawa? Ndiyo.

Mwaka 1977 kipindupindu kilizuka Tanzania. Watu wengi walipewa tetrasaiklini, hata wasiougua. Mwanzoni dawa ilivishinda vijidudu. Baada ya miezi 5, katika kila vijidudu 100 vilivyopimwa, 76 vilikuwa sugu.

Hupimwaje? Maabara huotesha vijidudu kutoka kinyesi cha mgonjwa. Huweka juu yake karatasi ndogo zenye dawa. Vikiota hadi ukingoni mwa karatasi, dawa hiyo haifai.

Kwa hiyo mama akiniomba vidonge vya nyumba nzima, namkatalia. Mgonjwa amalize dozi yake. Wazima wachemshe maji, wanawe mikono kwa sabuni na watumie choo.

Swali: Je, nyumbani kwako kuna vidonge vilivyobaki? Virudishe zahanati.