Je, Uliona Mwenyewe? Somo la Wakati Uliopita katika Kituruki

Katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kusoma methali, hadithi na habari za michezo. Leo naomba ruhusa yenu niwaletee somo la lugha ya mbali kidogo, yaani Kituruki. Na katika lugha hiyo nitashika jambo moja tu, ndilo hili: jinsi Waturuki wanavyotaja mambo yaliyopita. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, si gumu kwa mtu ajuaye Kiswahili. Pili, ndani yake mna swali ambalo lugha zetu hazitulazimishi kulijibu: jambo unalolisema, je, uliliona mwenyewe?

Mimi nimejifunza Kituruki kwa muda wa mwaka mmoja katika kitabu cha sarufi kilichomo maktabani mwetu, na kaka yangu, anayesoma huko Ankara, hunisahihishia mazoezi. Lugha hii si ngeni kabisa kwetu. Neno "afande", tunalowaitia askari hapa Uganda, asili yake ni neno la Kituruki efendi, maana yake bwana. Lilifika huku katika karne ya 19 pamoja na askari wa Kinubi waliotoka katika jeshi la Misri na Sudani. Tena yako maneno ambayo sisi na Waturuki tuliyapata kwa Waarabu: kitap ni kitabu, kalem ni kalamu, haber ni habari, saat ni saa.

1. Kusoma herufi

Zamani Kituruki kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili cha pwani. Mwezi wa Novemba 1928 serikali ya Atatürk ilitoa sheria ya kutumia herufi za Kilatini. Herufi nyingi husomwa kama zetu, ila c husomwa kama j yetu, ç kama ch, na ş kama sh. Herufi ğ haina sauti yake, bali huivuta sauti iliyo mbele yake. Ukitaka kusema ö, sema e huku umeduarisha midomo. Ukitaka ü, sema i vivyo hivyo. Herufi ı, isiyo na nukta, ni kama u iliyosemwa bila kuduarisha midomo.

2. Mzizi na viungo vyake

Katika kamusi kila neno la kutenda huishia kwa -mek au -mak, nayo ni kama ku- yetu. Okumak ni kusoma, gelmek ni kuja, almak ni kuchukua. Ukiondoa mwisho huo unabaki na mzizi: oku-, gel-, al-.

Sasa litazameni neno letu "nilisoma". Lina sehemu tatu: ni, li, soma. Wa kwanza ni mtu, kisha wakati, kisha tendo. Mturuki naye ana sehemu zizo hizo, lakini amezipanga kinyume: tendo, wakati, mtu. Oku-du-m. Ni kama kulitazama neno letu katika kioo. Ajuaye kuligawa neno la Kiswahili amekwisha kupata nusu ya kazi.

Watu sita ni hawa:

okudum – nilisoma
okudun – ulisoma
okudu – alisoma
okuduk – tulisoma
okudunuz – mlisoma
okudular – walisoma

Angalieni kwamba "alisoma" haina alama yoyote ya mtu. Ukikosa alama, ujue ni yeye.

3. Kwa nini -du, na si -di?

Vitabu husema kwamba alama ya wakati uliopita ni -di. Lakini vokali yake hubadilika ili ipatane na vokali ya mwisho ya mzizi:

baada ya e au i: -di, kama geldi, alikuja
baada ya a au ı: -dı, kama aldı, alichukua
baada ya o au u: -du, kama okudu, alisoma
baada ya ö au ü: -dü, kama gördü, aliona

Msiogope. Sisi pia tunafanya hivyo bila kufundishwa. Twasema pigia, katia, fungia, lakini somea na letea; hakuna asemaye "somia" wala "pigea". Vokali ya mzizi huiita ile inayofuata. Tofauti ni kwamba sisi tuna namna mbili, na Waturuki wana nne.

Tena d yenyewe hugeuka kuwa t, mzizi ukiishia kwa moja ya herufi hizi nane: p, ç, t, k, f, s, ş, h. Basi yapmak, kufanya, huwa yaptı. İçmek, kunywa, huwa içti. Koşmak, kukimbia, huwa koştu. Gitmek, kwenda, huwa gitti. Sababu yake ni nyepesi. Weka kidole kooni useme herufi hizo nane: koo halitetemeki. Ukisema d, linatetemeka. Ulimi hupenda kupita njia moja, na kwa hiyo d hulegeza sauti ikawa t.

4. Kukana na kuuliza

Kwetu, ukikana, -li- huondoka na -ku- huingia: nilisoma, sikusoma. Mturuki haondoi kitu. Hutia -ma au -me baada ya mzizi tu, kisha huendelea: okumadım, sikusoma, gelmedi, hakuja, yapmadık, hatukufanya. Kwa kuwa -ma na -me huishia kwa vokali, d haigeuki tena kuwa t.

Kuuliza ni kuongeza neno dogo mwishoni, nalo hupatana na vokali kama kawaida: Geldin mi? Ulikuja? Okudun mu? Ulisoma?

5. Wakati uliopita wa pili

Hata hapa mwanafunzi hufikiri amemaliza. Bado. Kituruki kina alama nyingine ya mambo yaliyopita, nayo ni -miş, yenye namna nne: gelmiş, almış, okumuş, görmüş. Watu wake ni hawa: gelmişim, gelmişsin, gelmiş, gelmişiz, gelmişsiniz, gelmişler.

Je, geldi na gelmiş zatofautianaje? Nilipouona ukurasa huo mara ya kwanza nilidhani ni jambo la siku, kwa sababu lugha nyingi za kwetu hupima muda. Mganda akisema nnakoze, kazi aliifanya karibu, kama leo asubuhi. Akisema nnakola, ni ya jana au zamani zaidi. Lugha yake humwuliza, "Lini?" Lakini Kituruki hakiulizi hivyo. Kinauliza, "Umejuaje?"

Ukisema Haber geldi, maana yake habari ilikuja, nami ninalisimamia neno hilo, nilikuwapo. Ukisema Haber gelmiş, maana yake habari imekuja, lakini nimeambiwa, au nimekisia kwa kuona dalili. Mtu akiamka asubuhi akakuta uwanja umelowa, husema Yağmur yağmış, mvua imenyesha. Hakuiona ikinyesha, ameona matope. Na mtu aliyesinzia juu ya kitabu chake, akizinduka, husema Uyumuşum, yaani kumbe nililala! Hata habari yake mwenyewe anaipokea kama ya mtu mwingine, maana hakuwa macho ilipotukia. Ndiyo sababu hadithi za kale, pamoja na vichekesho vya Nasreddin Hoca, ambavyo vinafanana sana na vya Abunuwasi wetu, husimuliwa kwa -miş. Msimulizi hakuwapo, naye hajifanyi kwamba alikuwapo.

Lakini tusikaze kanuni kupita kiasi. Mwalimu wa historia wa Uturuki hakuwapo Oktoba 29, 1923, jamhuri ilipoanzishwa, na hata hivyo husema kuruldu, ilianzishwa, kwa -du. Jambo hilo limethibitika, naye analisimamia. Kwa hiyo ni afadhali tuseme hivi: -di ni neno la mtu anayejitia kuwa shahidi, na -miş ni neno la mtu anayepokea na kupitisha. Jambo hili si geni. Katika karne ya 11 Mahmud wa Kashgar, aliyewaandikia Waarabu kamusi ya lugha za Kituruki, alikwisha kuieleza tofauti hiyo.

6. Faida yake kwetu

Labda msomaji atasema, "Sina safari ya Istanbul, somo hili litanifaa nini?" Nitajibu kwa jambo lililotukia katika bweni moja muhula uliopita. Fedha za mwanafunzi zilipotea sandukuni. Kijana wa kidato cha pili alishtakiwa, na watatu walioitwa walisema neno moja: "Alichukua." Mwalimu alipowauliza mmoja mmoja, ilionekana kwamba wa tatu aliambiwa na wa pili, wa pili aliambiwa na wa kwanza, na wa kwanza aliona tu kijana akisimama karibu na sanduku. Baada ya siku nne fedha zilionekana ndani ya kitabu cha mwenyewe. Lakini kwa siku nne hizo kijana yule alikula peke yake.

Sidhani kwamba wale watatu walikusudia kusema uongo. Walitumia -li-, na -li- haiulizi kitu. Humpokea shahidi na msikiaji sawasawa. Lau wangalisema Kituruki, kila mmoja angalilazimika kuchagua: aldı, au almış. Wa tatu angalisema almış, wa pili almış, na wa kwanza naye almış, kwa maana alikisia. Na mwalimu angalijua mara moja kwamba hana shahidi hata mmoja.

Sisemi kwamba Waturuki hawasemi uongo. Mturuki aweza kusema aldı naye hakuona kitu. Lakini huyo amesema uongo mara mbili, juu ya mwenziwe na juu ya macho yake mwenyewe, wala hawezi kujitetea baadaye kwamba alikuwa akirudia tu ya wengine.

Wala Kiswahili si maskini. Tunayo maneno ya kazi hiyo: nasikia, yasemekana, naona kama, kumbe. Tunalo "eti", ingawa hilo lina dharau kidogo ambayo -miş haina lazima. Lugha imetupa vyombo hivyo, ila haitushurutishi kuvitumia. Imetuachia hiari, na hiari ni mzigo. Basi, ndugu zangu, kabla hujasema "alichukua" au "alisema" juu ya mtu ambaye hayupo, jiulize kimoyomoyo: ni -di au ni -miş? Kama ni -miş, tia neno "nasikia" mbele yake. Ni neno moja tu, na laweza kumwokoa mtu.

7. Mazoezi

Andika kwa Kituruki, kwa alama ya -di:
(a) yazmak, kuandika: niliandika
(b) bakmak, kutazama: ulitazama
(c) gülmek, kucheka: tulicheka
(d) koşmak, kukimbia: walikimbia
(e) bilmek, kujua: hamkujua

Eleza kwa Kiswahili tofauti ya hizi mbili, ukijua kwamba öğretmen ni mwalimu:
(f) Öğretmen geldi. Öğretmen gelmiş.

Majibu: (a) yazdım, (b) baktın, (c) güldük, (d) koştular, (e) bilmediniz, (f) Ya kwanza: mwalimu amekuja, nimemwona, kaeni kimya. Ya pili: nasikia mwalimu amekuja, nendeni mkatazame.