Nyasi za Kilimanjaro na Nyasi za Tundra

Swali: "Nyasi zinazoota katika mwinuko wa mita 4,000 Mlima Kilimanjaro hufanana na nyasi za tundra ya Aktiki." Jadili. (Alama 15)

Mtahiniwa, neno "jadili" linakutaka uonyeshe kufanana na kutofautiana. Wengi hueleza kufanana tu, wakapoteza alama nyingi.

Anza na chanzo cha baridi. Kilimanjaro iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo baridi yake haitokani na latitudo bali mwinuko. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 0.6 za selsiasi kila unapopanda mita 100. Tuseme Madale iko mita 100 juu ya usawa wa bahari na mchana joto ni nyuzi 30. Hadi mita 4,000 umepanda mita 3,900: 39 × 0.6 = 23.4. Zinabaki nyuzi 6.6, na huo ni mchana. Usiku maji huganda.

Kufanana: jenasi ya Festuca ina spishi zake Kilimanjaro na Aktiki pia. Kote kuwili nyasi nyingi huota kwa mafungu yaliyosongamana, zenye majani membamba yaliyojikunja ili kupunguza upotevu wa maji. Majani yaliyokauka hayadondoki. Huyazunguka machipukizi kama blanketi, na usiku katikati ya fungu huwa na joto kuliko nje. (Blanketi hilo hushika moto upesi. Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la uoto wa mlima huo. Si hoja ya lazima, ila inaonyesha unaijua nchi yako.)

Kutofautiana ndiko kwenye uzito. Aktiki baridi ni ya msimu: nyasi hulala miezi mingi chini ya theluji, kisha hukua haraka kwa miezi miwili au mitatu ambapo jua halizami au huzama kidogo tu. Udongo wa chini umeganda daima, hivyo mizizi haiendi mbali. Kilimanjaro mchana ni kiangazi na usiku ni majira ya baridi, mwaka mzima. Nyasi haina msimu wa kulala. Hukua kidogo kidogo kila siku na kujikinga kila usiku. Ukisahau yote, hoja hii usiisahau.

Zoezi: Joto la Madale likiwa nyuzi 32, kokotoa joto la mita 3,100. Kisha eleza kwa nini nyasi iliyozoea msimu wa Aktiki ingeweza kupata shida Kilimanjaro.