Amri ya Nane na simu ya mkononi



Mmekwisha kujifunza kwamba Amri ya Nane yatukataza kusema uongo juu ya jirani. Zamani neno baya lilitembea kwa miguu. Lilitoka kisimani, likafika sokoni, na yule aliyesingiziwa aliweza kulifuata nyuma na kujitetea. Leo neno lapita katika simu. Kabla jogoo hajawika limekwisha kufika Uvira, Bukavu, Bujumbura, na hata kwa ndugu zetu walioko Ulaya. Basi yafaa tujue namna ya kuishika amri hii, sisi tulio na simu na sisi tusio nayo.

1. Si wote walio na mtandao

Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ulio chini ya Umoja wa Mataifa, ulikadiria kwamba mwaka 2024 watu kama bilioni 5.5 duniani walitumia intaneti, na wengine bilioni 2.6 hawakuitumia. Katika Afrika waliotumia walikuwa 38 kwa kila watu 100, na wa mijini waliwazidi sana wa vijijini. Sababu twazijua: simu ni ghali, mega zanunuliwa kwa fedha, umeme haufiki kila mahali, na mlimani mara nyingi mtu hupanda kilele akitafuta mtandao.

Kukosa simu si aibu, wala si dhambi. Vijana wanaomcheka mwenzao kwa ajili hiyo wamdharau maskini.

2. Mateso ya mtandaoni ni nini?

S. Mtu huteswaje kwa njia ya simu?
J. Huteswa kwa matusi na vitisho vinavyorudiwa, kwa kusingiziwa, kwa siri zake kutangazwa, na kwa picha zake kuenezwa pasipo ruhusa yake.

S. Je, jambo likiwa kweli, ni halali kulieneza?
J. Sivyo. Kumzulia mtu uongo ni masingizio. Kufunua kosa lake la siri pasipo sababu ya haki ni masengenyo. Yote mawili yavunja heshima ya jirani.

S. Aliyepeleka mbele tu ujumbe ulioandikwa na mwingine, ana hatia?
J. Ndiyo, akijua au akiweza kujua kwamba wamdhuru mtu. Kidole chake kimefanya kazi ya ulimi.

3. Hukumu ya asiyekuwapo

Tuseme msichana wa kwetu ashuka sokoni katika bonde la Ruzizi. Kijana ampiga picha kwa siri, kisha aandika chini yake kwamba huyu ni mwizi. Watu mia waiona, wacheka, waipeleka mbele. Msichana hana simu. Siku ya pili apita njiani, na wale waliokuwa wakimsalimu wageuza uso. Hajui kosa lake. Kwa nani atajitetea?

Angalieni vema jambo hili. Katika baraza la wazee, mshtakiwa huitwa, husikilizwa, huleta mashahidi wake. Katika kundi la simu huhukumiwa hali hayupo. Ndiyo maana kumtesa asiye na simu ni uonevu maradufu: kwanza wamnyang'anya jina lake, kisha wamnyima nafasi ya kujibu. Basi mwenye simu ameshika amana. Jina la asiyekuwapo limo mkononi mwake, naye hana budi kulilinda kama mali ya yatima.

4. Moto milimani mwetu

Katika nchi yetu maneno haya si mchezo wa watoto. Mwezi wa Desemba 2021, huko Lweba katika Fizi, kundi la watu lilimwua askari mmoja wa jeshi la Taifa kwa sababu ya kabila lake, na picha za mauaji hayo zikazungushwa kwa simu. Mwezi wa Novemba 2022, Alice Wairimu Nderitu wa Kenya, aliyekuwa mshauri wa Umoja wa Mataifa juu ya kuzuia mauaji ya kimbari, alionya kwamba chuki na mauaji ya kikabila vilikuwa vikizidi katika Kongo ya mashariki. Matusi ya kabila humwandaa mtu kuona damu ya mwenzake bila huruma.

Serikali nayo imeweka sheria. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 yamwadhibu amsumbuaye mwenzake kwa njia ya mawasiliano ya elektroniki.

5. Yatupasa kufanya nini?

Mwenye kuteswa asirudishe tusi kwa tusi. Auhifadhi ujumbe uwe ushahidi, amfungie njia amtukanaye, kisha amwambie mzazi, mwalimu au padri. Nanyi wazazi, msianze kwa kumgombeza. Msichana anayetishwa kwa picha zake ahitaji mlinzi kwanza.

Mwenye kuona uovu katika kundi asinyamaze. Aseme, "Huyu hayupo, tumwache," wala asipeleke mbele neno hilo.

Mwenye kukosa hana budi kurudisha alichonyang'anya. Kufuta ujumbe hakutoshi, maana wengine wamekwisha kuupokea. Asahihishe katika makundi yale yale alikosema uongo. Na kama aliyedhuriwa hana simu, ashike njia, apande mlima, amwombe radhi uso kwa uso mbele ya watu wa kijiji chake. Lile lililoenezwa kwa mega halilipwi kwa mega peke yake.

Maswali ya kujibu

1. Masingizio na masengenyo yatofautianaje?
2. Kwa nini kumsingizia asiye na simu ni uonevu maradufu?
3. Malipo ya kosa hili yafike mpaka wapi?

Kazi ya juma: Kila mwenye simu amwulize jirani mmoja asiye nayo kama limemfikia neno lililosemwa juu yake. Akitaka kulijibu, mwenye simu ampelekee jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, bila kuongeza wala kupunguza.