Ugonjwa wa Damu Uliombadilikia Baba Mdogo

Kuna jambo lililonisumbua tangu likizo ya Juni. Baba yangu mdogo alikuwa na saratani ya damu kwa muda wa miaka minne. Katika miaka hiyo alilima, alipanda baiskeli, na alicheza ngoma harusini. Kisha, katika majuma sita tu, akafariki. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia: ugonjwa aliokwisha kuuzoea ulimwuaje upesi hivyo? Haya ndiyo niliyojifunza.

Damu hutengenezwa katika uboho, ndani ya mifupa. Huko chembe huzaliwa zikiwa changa, hukua, ndipo hutoka kwenda kazini: nyekundu kuchukua oksijeni, nyeupe kupigana na vijidudu, na chembe sahani kuzuia damu isitoke ovyo. Mtu mwenye afya ana chembe nyeupe kama 4,000 hadi 11,000 katika milimita moja ya ujazo. Mgonjwa wa aina hii aweza kuwa nazo 100,000 na zaidi, na bandama lake huvimba. Baba mdogo alipovimba ubavu wa kushoto, sote nyumbani tulisema ni malaria, kwa kuwa nayo huvimbisha bandama. Akameza dawa za malaria mara tatu kabla ya kuhesabiwa chembe za damu.

Mwaka 1960 Peter Nowell na David Hungerford, katika mji wa Philadelphia, waliona kromosomu moja fupi isivyo kawaida katika chembe za wagonjwa hawa. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Vipande vinapoungana hutokea jeni mpya, nayo huiamuru chembe kujigawa bila kukoma. Ugonjwa huu hauambukizi, wala mtoto haurithi kwa mzazi. (Nalisema hili kwa sababu wadogo zangu waliogopa kula naye sahani moja.)

Mwanzoni chembe hizo ni nyingi mno, lakini bado hukua na kufanya kazi, ndiyo maana mgonjwa hujiona mzima. Zamani hali hiyo ilidumu kama miaka mitatu hadi mitano tu. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha dawa ya imatinibu, ambayo kwa kawaida humezwa miligramu 400 kila siku. Dawa hii huzuia kazi ya protini itokanayo na jeni ile, na wengi waimezao huishi miaka mingi.

Lakini kila chembe ijigawapo hunakili maandishi yake yote, na makosa huingia, kama mwanafunzi anakilivyo daftari la mwenzake taa za bweni zikikaribia kuzimwa. Kosa huja juu ya kosa, mpaka chembe hushindwa kabisa kukua. Hubaki changa, na huzaana. Katika uboho wa mtu mwenye afya chembe changa kabisa hazifiki 5 katika kila 100. Zikifika 20 katika damu au uboho, madaktari husema ugonjwa umekuwa mkali. Chembe hizo hazifanyi kazi yoyote, tena huzinyang'anya nafasi zile njema. Basi fizi za baba mdogo zilitoka damu, mifupa ilimwuma usiku, na homa haikushuka.

Baada ya maziko bibi alinipa kopo lake la dawa. Nilihesabu vidonge 53 ambavyo vilipaswa kuwa vimekwisha. Alikuwa akiruka siku, maana vilimchafua tumbo naye alijisikia mzima. Nilimkasirikia sana. Mwalimu akanionya kwamba wako wamezao kila siku bila kukosa, na bado jeni hugeuka umbo hata dawa isiweze kuishika. Kwa hiyo wagonjwa hupimwa damu mara kwa mara, ijulikane kama jeni inapungua au inaongezeka kabla mwili haujahisi lolote. Baba mdogo alipimwa mara ya mwisho mwaka mzima kabla ya kuugua tena. Kama ni vidonge alivyoviacha, au jeni iliyogeuka yenyewe, hakuna awezaye kuniambia sasa.