Wazazi Wawili wa Jiwe

Mchongaji wa sanamu hasemi kwa ulimi. Husema kwa jiwe. Hata hivyo aweza kuonyesha mambo ya moyoni, hata yale ambayo watu wapendanao hushindwa kuambiana.

Katika mji wa Berlin, Ujerumani, alikaa mchongaji mwanamke, jina lake Käthe Kollwitz, pamoja na mumewe Karl, aliyekuwa daktari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mwana wao mdogo, Peter, alitaka kwenda vitani. Umri wake ulikuwa miaka 18, wala hakuweza kwenda bila ruhusa ya baba yake. Baba hakutaka, mama akamsihi hata akakubali. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, Peter akauawa Ubelgiji.

Mama akaazimu kumfanyia mwanawe ukumbusho. Kwanza alikusudia kumchonga Peter amelala, baba kichwani pake na mama miguuni. Baadaye alimwondoa mwana, akawabakiza wazazi peke yao. Kazi ilianza, ikakoma, ikaanza tena. Ilimalizika mwaka 1932, miaka 18 tangu kifo cha Peter, sawasawa na umri aliokufa nao.

Wazazi wale wamepiga magoti. Baba yu wima, amekunja mikono kifuani kwa nguvu, kama afungaye mlango ili kilio kisitoke. Mama ameinama, kichwa chini, amejitanda nguo. Nyuso zao zafanana na Karl na Käthe wenyewe. Kila mmoja ana jiwe lake, na katikati pana nafasi. Hawagusani wala hawatazamani.

Je, hawapendani? La, hasha! Wamepiga magoti pamoja kwa ajili ya mwana mmoja. Wahenga walisema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Wote wawili waujua, lakini kila mmoja amefungwa ndani ya uchungu wake, asiweze kumfikia mwenzake. Mchongaji angaliweza kuwakumbatisha. Hakufanya hivyo, kwa kuwa alitaka kusema kweli.

Sanamu hizo sasa zipo Vladslo, Ubelgiji, katika makaburi ya askari Wajerumani zaidi ya 25,000, na Peter ni mmoja wao.

Basi, mtazamapo sanamu, msitazame uso tu. Tazameni mikono, na mgongo, na ile nafasi iliyo katikati.

Maswali
1. Kwa nini Peter alihitaji ruhusa?
2. Mikono ya baba yaonyesha nini?
3. Kama wazazi wale wangalikumbatiana, maana ya sanamu ingalibadilikaje?