Joto na Saratani ya Titi: Je, Kukanda ni Tiba?

Hebu fikiria. Mama mdogo wako kule Pangani ana kivimbe kwenye titi. Hakimuumi. Kila jioni anakikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Ukimwambia aende hospitali anakujibu, "Si hata Ulaya wanatibu kansa kwa joto?" Utamjibu nini?

Ni kweli, tiba ya joto ipo
Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi. Mashine maalumu hutoa mawimbi ya maikrowevu, ya jamii moja na yale ya jiko la kupashia chakula, na kupandisha joto la uvimbe hadi nyuzi 41 mpaka 43, kwa saa moja hivi. Muda wote joto linapimwa ili ngozi isiungue.

Linasaidiaje?
Seli za saratani zenye oksijeni kidogo ni sugu kwa mionzi. Joto huongeza damu na oksijeni kwenye uvimbe, tena huzuia seli kujitengeneza upya baada ya kupigwa mionzi. Kwa hiyo joto ni msaidizi wa mionzi, halifanyi kazi peke yake.

Mwaka 1996 yalitolewa matokeo ya majaribio matano yaliyohusu wagonjwa 306. Kwa waliopata mionzi tu, uvimbe uliisha kabisa kwa 41 kati ya kila 100. Walioongezewa joto walikuwa 59. Hata hivyo, hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Sababu moja ni kwamba mawimbi haya hupenya sentimita chache tu. Saratani iliyokwisha fika kwenye mapafu au mifupa hayaifikii.

Na kukanda je?
Joto la kitambaa huishia kwenye ngozi. Ukizidisha moto, unababuka tu. Ubaya mkubwa ni muda: wiki zinapita, kivimbe kinakua.

Ufanye nini?
Usingoje maumivu, maana saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Dalili nyingine ni ngozi kuwa kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Wanaume nao huipata. Siyo kurogwa wala haiambukizi.

Vivimbe vingi kwa wasichana wa umri wako siyo saratani, lakini kujua ni mpaka upimwe. Anzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Bombo, Tanga. Ikithibitika ni saratani, kuna upasuaji, dawa na mionzi. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996, hutoa mionzi. Safari ni ndefu, lakini ikiwahiwa ina faida.

Jadilini darasani
1. Kwa nini joto peke yake halitoshi?
2. Mama mdogo anaona haya kumwonyesha daktari titi lake. Nani katika familia azungumze naye, na aanzeje?